Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaoishi mawazoni

Wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaojifungia chumbani na spika masikioni, wimbo ule ule ukijirudia, mkienda dirishani na kurudi mlangoni huku midomo ikicheza. Mawazoni mna wachumba na marafiki wa kufa na kuzikana. Nje, simu ya binamu inaita na haipokelewi.

Nyumbani wengine wanasema mna majini, wengine wanawaita wavivu wa ndoto za Alinacha. Wanawaonea. Mnajua fika kwamba hayo ni mawazo tu; kuyaacha ndiko kunakowashinda. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Eli Somer wa Chuo Kikuu cha Haifa aliandika kuhusu wagonjwa wake 6 wenye hali hiyo na kuipa jina la Kiingereza, "maladaptive daydreaming", yaani ndoto za mchana zinazovuruga maisha. Wataalamu wanaichunguza hadi leo, ingawa bado haijaingia rasmi kwenye orodha ya maradhi ya akili. Hamjarogwa, wala hamko peke yenu.

Ninalowaomba ni hili: msingoje mpone ndipo mtafute watu. Wale wa mawazoni hawaugui, hawafiwi, hawaji kukopa chumvi. Hawawahitaji kwa lolote, na kwetu urafiki huanzia kwenye kuhitajiana. Pakiwa na msiba mtaani, usikae kwenye kiti ukingoje kusemeshwa. Pita uani, kaa na wanaochambua mchele. Macho yako kwenye ungo, vidole vinatoa chuya na vijiwe, na maneno yanakuja yenyewe. Ukinyamaza pia hakuna atakayekushangaa. Wavulana, kuna maturubai ya kufunga na maji ya kuchota. Kesho mkikutana njiani mtakuwa na la kuulizana.

Najua akili itatoroka katikati ya mazungumzo. Ikirudi, usiitikie usichokisikia. Sema, "Samahani, mawazo yalinichukua, ulikuwa unasemaje?" Watu husamehe hilo upesi.

Linalonitia hofu zaidi ni kwa wenye wachumba wa kweli. Mchana kutwa umegombana naye kichwani, umemjibu, umemwacha. Jioni anakuja na mfuko wa machungwa anakukuta umenuna, na kosa lake halijui. Mwanangu, muulize yeye mwenyewe. Usimpime kwa yule wa mawazoni, ambaye kila neno lake umemtungia wewe.

Mtafute mtu mmoja wa kumwambia: dada, shangazi, rafiki asiyetangaza siri. Masomo, kazi au usingizi vikianza kuharibika, nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa, ueleze yote, hata kule kutembea na ule wimbo. Mara nyingi hali hii huandamana na sonona au wasiwasi, na hayo yana tiba. Shangazi akikubali, mwende pamoja.

Bibi yenu