Mshale Ukipanda, Simama

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Jana uliponiambia kwenye simu kwamba gari lilichemka kidogo kwenye foleni ya daraja la Nyali, ukatia maji na kuendelea nalo mpaka Bamburi, sikusema mengi. Mamako alikuwa ameketi hapa karibu, na sikutaka aingiwe na wasiwasi. Lakini usiku usingizi haukuja.

Gari la umri ule halichemki kidogo, mama. Mshale wa joto ukivuka nusu na bado unapanda, zima AC, toka barabarani, zima injini. Usiseme "nyumbani ni hapo tu." Mimi nilisema hivyo. Nilikuwa natoka Changamwe, mshale ukaanza kupanda pale Makupa, nikajipa moyo kwamba nikifika foleni ya feri litapoa. Karibu na Mwembe Tayari mshale ukashuka ghafla. Nikashukuru! Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kile kifaa cha kupima joto hakikuwa na maji ya kupima. Injini ikagonga mara mbili tatu, ikazima. Hedi za gari hizi, yaani vile vichwa vya injini, ni za alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Tulipochomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Gasketi, ile karatasi ya kuziba iliyo chini ya hedi, ilikuwa imekufa, maji yameingia kwenye oili. Ukiona rangi hiyo siku yoyote, usiliwashe tena gari.

Ukishasimama, kifuniko cha rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini, usikiguse. Unalijua kovu la mkono wangu wa kulia. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilipapasa kwa kidole na kuniuliza kama bado linauma. Ni kazi ya kifuniko hicho. Maji yaliyobanwa mle ndani hayachemki kwa nyuzi 100, hufika karibu 120 yakiwa bado yametulia. Ukifungua, shinikizo linatoka na maji yote yanachemka kwa mpigo, yanakurukia usoni. Ngoja nusu saa au zaidi. Kisha bana ule mpira mnene wa juu kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu, ngoja tena. Na maji baridi usiyamwage kwenye injini inayowaka moto, utaipasua.

Sasa kuhusu chanzo. Uliniambia kwamba gari likienda kasi mshale unatulia, likisimama kwenye foleni unapanda. Hapo nashuku feni. Ukiwa mwendoni upepo wenyewe huipoza rejeta, ukisimama kazi yote ni ya feni. Huenda mota yake imeungua, au fyuzi, au swichi. Ingekuwa linachemka kwenye mlima wa Mazeras likiwa na mzigo, ningeshuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji.

Jambo lililoniuma zaidi ni yale maji ya kisima uliyopewa na mlinzi. Sikulaumu, ulikuwa na shida na yeye alikusaidia. Lakini unajua maji ya visima vyetu yalivyo, hata sabuni haitoi povu. Chumvi yake inakula alumini, na chokaa yake inaganda kwenye vile vijia vyembamba vya rejeta. Nimewahi kukata mpira wa gari la jirani nikakuta ndani umepakwa ukoko mweupe, mgumu kama ule wa birika la chai. Ni lazima tuyamwage yote, tusuuze, tutie kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu na maji safi nusu, yale yanayouzwa ya kuongezea betri, si asidi yake.

Fundi akikwambia Mombasa kuna joto, thamostati ya nini, ing'oe, mkatalie kwa adabu. Ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto; bila hiyo injini haifikii joto lake ikiwa mwendoni, inakula mafuta na kuchakaa upesi. Kuipima ni rahisi: unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, unaitazama. Maji yakikaribia kuchemka, kwenye nyuzi 82 hivi, inajifungua taratibu kama jicho la mtu anayeamka. Isipofunguka, huenda hiyo nayo ilikuwa ikikuchemshia gari.

Ukikwama kabla sijafika, na hapo ulipo hapafai kusimama, fungua madirisha, washa hita kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita hutoa joto la injini na kulileta ndani ya gari. Itakusogeza mita chache mpaka mahali pa salama. Ni kwa mita hizo tu.

Jumamosi usije Likoni na gari. Liache hapo hapo lilipo, nitavuka na feri ya asubuhi nipande matatu. Nitakuja na thamostati mpya, kifuniko kipya na kulanti. Wewe nitafutie sufuria ya zamani tu, na ndoo mbili.

Babako