Wanachuo wa ualimu wapimwe kwanza hesabu za darasa la sita

Ndugu Mhariri,

Una lita 3 za asali, unazijaza kwenye chupa za robo lita. Utapata chupa ngapi? Hapa Tabora muuza asali wa sokoni atakujibu 12 huku akiendelea kufunga vifuniko. Swali hilohilo liandike ubaoni mbele ya wanachuo wa ualimu: 3 ÷ ¼. Wapo watakaoandika ¾. Wengine watageuza na kuzidisha, wapate 12, kisha walifute jibu sahihi, maana wamekariri kwamba kugawanya ni kupunguza.

Cheti cha kidato cha nne kinatuficha hilo. Daraja la ufaulu linatokana na masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, hivyo mtu anaweza kuwa na F ya Hisabati na bado akapata daraja la tatu. Akipangiwa shule ya kijijini yenye walimu wachache, Hisabati ya darasa la tano inaweza kumwangukia yeye.

Makosa yenyewe yanajulikana. Ukimpa mwanachuo 3,002 − 1,467, anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, anapata 2,465. Jibu ni 1,535. Ameambiwa "kopa kwa jirani", na jirani ni sifuri, basi amekwama. Aandike kwanza 3,002 kama maelfu 2, mamia 9, makumi 9 na mamoja 12, ndipo atoe.

Kwenye sehemu, ½ + ⅓ huwa 2/5: anajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Kumkaririsha upya KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili) hakusaidii. Mpe ukanda wa karatasi wa sentimita 12 na rula. Nusu ni sentimita 6, theluthi ni 4, jumla 10, yaani 10/12, ambayo ni 5/6. Sasa apime 2/5 ya ukanda huo: sentimita 4.8. Ni fupi kuliko nusu aliyoanza nayo! Ameongeza, urefu ukapungua. Akiliona hilo kwa macho yake, atakuwa na njia ya kukagua jibu lolote la namna hiyo.

Desimali huharibikia mdomoni. Anayesoma 0.35 "sifuri nukta thelathini na tano" ataamini inazidi 0.5, kwani 35 inazidi 5. Isomwe "sifuri nukta tatu tano", na ipimwe kwa mita ya fundi cherehani: sentimita 35 dhidi ya 50.

Kusoma nako kuna pengo. Mtoto akifundishwa jina la herufi, "emu", halafu "a", akiunganisha anapata "emua" badala ya "ma". Anayejiandaa kufundisha darasa la kwanza lazima ajue kutofautisha jina la herufi na sauti yake kabla hajashika chaki.

Tunaomba vyuo vitoe jaribio katika wiki ya kwanza: maswali 20 ya darasa la tano na la sita, dakika 60, bila kikokotoo, na kila jibu liwe na mchoro au maelezo. Alama zisibandikwe ukutani. Mtu mzima akiaibishwa ataficha asichojua. Wakufunzi wapange karatasi kwa aina ya kosa, kwa sababu wawili waliopata 8 kati ya 20 wanaweza kuwa na matatizo yasiyofanana kabisa. Kisha vipindi viwili kwa wiki muhula mzima, na jaribio lirudiwe kwa namba nyingine.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, macho ya mkaguzi huenda haraka kwenye zana na mwandiko wa ubaoni, huku watoto wakinakili jibu lenye kosa. Andalio la somo la Hisabati lisisainiwe mpaka kila swali la zoezi liwe limekokotolewa pembeni, hatua kwa hatua, kwa mkono wa mwanachuo mwenyewe.

Wakufunzi wa Hisabati,
Tabora