Barua kwa mwanangu kabla wageni wa Krismasi hawajafika

Mvumi, Desemba

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Mvua imetunyeshea vizuri na majirani wengi wameshapanda uwele. Mbuzi wa jirani bado wanatusumbua, lakini hilo umelikuta na utaliacha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umesema wageni wanazidi kuongezeka kila mumeo anapopokea simu, maji ya bomba hapo Nkuhungu yanakuja kwa mgao, mama mkwe wako anakuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza, na wifi zako wanashuka na treni kutoka Dar mchana wa tarehe 24. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukasema mwaka huu husikii hata hamu ya kushukuru. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana kwenye simu ungenikatiza.

Sikugombezi. Petro alipowaandikia waumini wakaribishane "pasipo kunung'unika", alikuwa anajua anawaandikia watu gani. Mtu haonyi jambo ambalo halipo. Hata kanisa lile la mwanzo lilikuwa na wenye nyumba waliochoka, waliohesabu mikate na kuwaangalia wageni kwa jicho la pembeni.

Sasa chukua lile daftari lako la matumizi. Nimekusikia ukitaja pazia mpya, vitambaa vya makochi, keki ya kuagiza, nyama za aina tatu, na sahani za kuazima ili zote zifanane. Niambie, katika hayo, mgeni gani ameomba lipi? Mgeni anayesafiri anahitaji maji ya kuoga, mahali pa kulala penye chandarua, chakula cha moto, na mtu wa kumwuliza habari za safari akakaa kusikiliza jibu. Yaliyobaki tunayafanya kwa ajili ya macho ya watu, na ndiyo yanayokutoa jasho usiku. Mama mkwe wako amekulia Manyoni, amelala kwenye tembe, amekula ugali wa uwele kwa mlenda tangu anaota meno. Unadhani anapanda basi kuja kukagua pazia? Na kama kweli anakuja kukagua pazia, basi pazia jipya halitamtosha, atahamia chooni.

Mkopo wa kikoba kwa ajili ya hayo usichukue. Januari shule zinafunguliwa, na sare za watoto hazingoji mtu amalize kulipa keki.

Pilau ipikwe. Sijasema tuwape watu uji.

Nataka nikuambie kuhusu Martha, yule aliyemlalamikia Yesu kwamba dada yake amemwachia kazi zote za kuwahudumia wageni, kwa sababu najua Jumapili moja ya mwezi huu mtu atasimama mimbarani na kumchapa yule mama tena. Kila Desemba anachapwa. Anayehubiri anamaliza, anavua kanzu, anakwenda nyumbani na kukuta meza imeandaliwa na Martha wake. Maneno ya Bwana katika Luka sura ya 10 siyapingi: "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Lakini wengi wanafunga Biblia hapo kana kwamba habari zake zimeisha.

Fungua Yohana sura ya 11. Lazaro amekufa, na Martha ndiye anayetoka kwenda kumlaki Yesu njiani. Anamwambia usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hayo ni malalamiko, tena makubwa kuliko yale ya jikoni. Safari hii hakuambiwa anasumbuka. Yesu alizungumza naye, akamwuliza kama anasadiki, na mwanamke yuleyule wa masufuria akamkiri Kristo kwa kinywa kipana kama Petro alivyomkiri. Kwa hiyo, mwanangu, yale uliyonililia mimi mlilie na yeye. Ingia chumbani, funga mlango, mwambie umechoka, hela haitoshi, na wifi yako mkubwa anakukera. Ni afadhali kulikoni kuyasema kwa kugonga vifuniko vya sufuria, maana hiyo lugha wageni wote wanaielewa.

Kisha nenda sura ya 12. Ni siku sita kabla ya Pasaka, Bethania, karamu imeandaliwa, na Yohana anasema Martha alikuwa akitumikia. Kazi ni ileile. Hakuna aliyemwambia aache mwiko akakae sebuleni, na safari hii hakuna neno lake hata moja la kulalamika lililoandikwa. Nilijiuliza kwa miaka mingi kilichobadilika ni nini, na jibu limo katika mstari huohuo: Lazaro alikuwa mmoja wa walioketi chakulani. Kaka aliyekuwa amezikwa, Yesu akamfufua, sasa anapakuliwa chakula. Ukiwa unampelekea sahani mtu uliyemlilia kaburini, sahani haiwezi kuwa na uzito uleule.

Ninyi mnaye Lazaro wenu. Baba mkwe wako, Desemba iliyopita alikuwa amelazwa, na mumeo alikuwa anakesha kwenye benchi la wodi. Nakumbuka mlivyokuwa mnapiga simu mkinong'ona. Mwaka huu yule mzee anakuja kwa miguu yake mwenyewe, na bila shaka atalalamika kwamba chumvi ni kidogo. Mwache alalamike. Ukimwona anatafuta mahali pa kuweka fimbo yake, acha unachokifanya dakika moja umtazame. Naamini shukrani itaingilia hapo.

Na baba yako hatakuwepo. Nalijua hilo kuliko wewe. Kaburi lake liko hapa nyuma ya shamba la karanga na halijafunguka. Paulo aliwaambia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo," na mimi mstari huo siku za msiba niliuruka, nilishindwa kuusoma kwa sauti. Sijifanyi kwamba nashukuru kwa kifo kile. Nashukuru kwamba alikufundisha kuimba sauti ya tatu, na kwamba mwanao wa kwanza ana masikio yake. Siku ile mkilia kidogo mnapoombea chakula, lieni tu. Hakuna mgeni wa kweli atakayeona mmemharibia sikukuu.

Ninyi mliozaliwa karibu na duka mnasahau kwamba Krismasi ya Ugogo inaangukia wakati mgumu. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Uwele na mtama unaopikwa sikukuu ni wa mavuno ya Mei na Juni, na ghala limeshashuka. Huku watu wanalima, hawajui mvua itakwenda au itakatika Januari. Kumkaribisha mtu mezani wakati huo ni kumgawia akiba ambayo hujui kama itarudi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita huku wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana, na njaa iliyofuata kati ya 1917 na 1920 iliua maelfu ya Wagogo na kuwatawanya wengine wasirudi tena. Bibi hakupenda kuisimulia. Lakini hakuruhusu mtu aondoke kwake bila kula, hata awe amekuja kudai deni.

Akiombea chakula, alikuwa anataja vitu. Asante kwa mvua ya juzi. Asante kwa unga huu. Asante kwa aliyechota maji. Asante kwa huyu aliyetoka mbali akafika mzima. Amina, tule. Ilikuwa sala fupi, na kila aliyekuwepo alijua ametajwa. Wazee wetu wa siku hizi wakipewa nafasi wanaanzia uumbaji, wanavuka Bahari ya Shamu, wanaiombea na serikali, na pilau inapoa. Mwaka huu mwombe mumeo sala hiyo aifanye yeye, na aitaje mikono iliyofanya kazi. Mwambie mapema, faraghani, asije akashtuka. Wanaume wengi wanashukuru kwa dhati "kwa ajili ya chakula hiki" bila kujiuliza kimetoka wapi saa tisa usiku.

Halafu ana mikono pia. Siku ya mgao, kujaza simtanki na madumu iwe kazi yake na shemeji zako. Baba yako alichota maji katika nyumba hii na hakupungukiwa na heshima.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa ukali kidogo. Yule binti anayekusaidia kazi: mlipe mshahara wake kabla ya tarehe 23 na umwulize kama anataka kwenda kwao Kondoa. Akitaka kwenda, mpe na nauli, aende. Najua utasema huwezi bila yeye. Utaweza, mimi nitakuja, na wifi zako wana mikono. Akitaka kubaki, basi akae mezani na ale wakati watu wanakula, asile ukoko jikoni baada ya wote. Kuimba habari za mama aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni huku binti wa watu anakula amesimama mlangoni ni jambo ambalo mimi siwezi kulitetea mbele za Mungu, na wewe usijaribu.

Na ibada usiikose. Najua unavyopanga: utasema wengine waende, wewe ubaki na nyama. Kuku wa kienyeji wachemshwe jioni ya tarehe 24 kabla ya mkesha, vitunguu vimenywe, mchele uchambuliwe, viungo vitwangwe. Kachumbari ikatwe mkirudi. Wageni watakaa njaa saa moja zaidi. Watapewa karanga na maembe, na huu ndio msimu wake. Kwaya ikianza kuimba nataka uwepo, umekaa, viatu vinakubana kama watu wengine. Ukimsikia Mungu akikutajia jambo lolote hapo, vizuri. Usiposikia kitu, angalau umekaa.

Mbuzi, kama bado mnataka mbuzi, mumeo asingoje ile Jumamosi ya mwisho kwenda mnadani Msalato, maana jiji zima litakuwa pale na bei itapanda mbele ya macho yake. Aende wiki moja kabla, mbuzi afungwe uani, watoto wapate cha kulisha. Kuhusu hao wa treni, zamani mtu wa Dar akija Dodoma alitoa taarifa mwezi mzima kabla, kwa sababu safari ilikuwa safari. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, mtu anakunywa chai kwake na anakuta chakula cha mchana kwako. Kwa hiyo weka vikombe viwili vitatu vya mchele pembeni. Watatokea ambao hukuwaandika. Huwa wanatokea, na mara nyingi ndio wanaobaki kuosha vyombo.

Vitanda visipotosha, tandika mikeka na magodoro sebuleni, vijana walale hapo. Mama mkwe alale chumbani kwenu, ninyi mhamie kwa watoto. Atakataa mara mbili, mara ya tatu atakubali. Mwanzo kabisa, kabla hujampeleka kuona nyumba, mpe kiti na maji ya kunywa, umwambie umefurahi amefika. Sema kwa maneno, usidhani ataona. Na akikusifia chakula, usianze kueleza kwamba wali ulishika chini. Jibu "asante mama", nyamaza.

Mimi nitafika tarehe 23 mchana, Mungu akipenda. Mdogo wako atatangulia na basi la asubuhi siku moja kabla. Nimempa debe la unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu, maembe na majogoo wawili. Majogoo usiwafunge karibu na dirisha la chumba atakacholala mama mkwe wako. Mlenda uloweke kwanza, una mchanga kidogo. Yale madumu ya njano si yangu, ni ya akina mama wa kanisani, yamepakwa rangi nyekundu kwenye mshikio. Mjaze maji, mtumie, lakini yarudi yote huku pamoja na vifuniko vyake.

Wasalimie wajukuu zangu na baba yao.

Mimi mama yako