Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kompyuta na Watu Ubaoni

Ndugu wanachama wa chama chetu cha chesi, wazee wetu walezi, na wageni mliotoka Iringa, Njombe na Tukuyu: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Nianze na yale mafupi. Ada zimekusanywa vizuri, na hesabu zenyewe mhazini atazisoma nikishamaliza. Ukumbi tunaoazimwa hapa Uyole tumeruhusiwa kuendelea kuutumia kila Jumamosi. Baridi ya Juni na Julai iliwapunguza watu wazima kama kila mwaka, lakini wanafunzi walikuja na makoti yao na kucheza mpaka jioni. Nawapongeza kwa moyo wote.

Sasa niingie kwenye kazi mliyotutuma. Mkutano uliopita uliagiza kamati ilimalize lile swali linalozua ubishi mezani: kompyuta ikiandikwa kiwango cha pointi 1500, je, nguvu yake ni sawa na ya mchezaji wa 1500? Vijana wengi wanafanya mazoezi na simu tu, na wanajipima kwa namba wanazopewa na simu. Ni haki yao kujua namba hizo zina uzito gani.

Mfumo huu wa pointi ulibuniwa na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria. Shirikisho la chesi la Marekani liliupokea mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mwaka 1970. Wengi wetu tunaichukulia namba kama kimo cha mtu, kwamba anayo hata akiwa peke yake chumbani. Sivyo. Kinachobeba maana ni tofauti ya namba mbili. Anayemzidi mwenzake pointi 200 hutarajiwa kupata takriban 76 katika kila mechi 100, na tofauti ikifika 400 hutarajiwa kupata kama 91. Ukiwatoa wapinzani, namba inabaki haina maana. Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kompyuta yoyote ni hili: hiyo 1500 uliipata kwa kucheza na nani?

Tukaanza na Stockfish, programu ya chesi ambayo karibu kila mwanachama anayo. Inakuruhusu kuipunguza nguvu kutoka 3190 hadi 1320. Namba hizo zilipangwa kwa kuichezesha na programu nyingine, wala si na watu. Ndugu zangu wakulima wa viazi mnaijua lumbesa: gunia limeitwa la kilo mia, lakini aliyelijaza ana kipimo chake mwenyewe.

Waliolishughulikia jambo hili kwa uvumilivu mkubwa ni chama cha kompyuta za chesi cha Sweden, SSDF. Wanachama wake walikuwa watu wa kawaida, wenye mashine zao nyumbani, wakizichezesha kwa muda wa mashindano na kuandika matokeo. Kati ya 1987 na 1991 walizipambanisha mashine na wachezaji wa Sweden wenye viwango rasmi, na michezo hiyo ndiyo iliyokuwa nanga ya orodha yao yote. Baada ya hapo mashine zilichezeshwa zenyewe kwa zenyewe, na namba zikapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2000 waliishusha orodha nzima kwa pointi 100, ili irudi karibu na yale yaliyoonekana mashine zinapokutana na watu. Mimi nawaheshimu sana watu hawa. Hawakuwa na fedha nyingi kuliko chama chochote kidogo, na bado dunia nzima ilikuwa ikisoma orodha yao.

Muda nao hubadili kila kitu. Mwaka 1994 kule London, katika mchezo wa dakika 25, programu ya ChessGenius ilimtoa bingwa wa dunia Garry Kasparov mashindanoni. Februari 1996, Philadelphia, bingwa huyohuyo alicheza kwa muda mrefu na Deep Blue, mashine kubwa kupita ile kwa mbali, akashinda 4 kwa 2. Deep Blue ilikuja kumshinda Mei 1997 jijini New York, kwa 3½ dhidi ya 2½. Hata kwetu tumeliona hilo: wanachama wanaoimudu kompyuta kwa saa nzima hubanwa nayo vibaya wakicheza dakika tano. Hivyo kiwango kisichotajiwa muda hakituambii kitu.

Niwaeleze mechi moja, kwa sababu kamati iliizungumza kuliko zote. Binti yetu wa kidato cha tatu alicheza na Stockfish iliyowekwa 1500. Mwanzo wote mashine ilikwenda kama bwana mkubwa: farasi akakaa katikati ambapo hakuna askari wa kumfukuza, ngome zikashika mstari ulio wazi, na binti akabanwa hadi akakosa pa kusogea. Mara ikamchukua malkia ikamweka g4, mbele ya askari wa h3, bila kutishia chochote. Binti akaitazama ile nafasi muda mrefu akitafuta mtego. Hapakuwa na mtego. Akamla malkia. Baada ya hapo mashine ikarudi kucheza kwa usahihi uleule, na ilibidi binti apambane mpaka mwisho ili apate ushindi wake.

Mtu wa 1500 hakosei hivyo. Hukosea kwa sababu hakumwona askofu aliyejificha pembeni, au ameogopa, au saa imembana. Hata mabwana wakubwa hukosea kibinadamu: mwaka 2006 mjini Bonn, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, hakuona kwamba programu ya Deep Fritz ingemfungia mfalme kwa hatua moja tu. Mashine iliyopunguzwa nguvu hulazimishwa kuchagua hatua mbaya mara kwa mara, na kosa lake halina sababu ya kichezo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeifunga anajifunza kusubiri zawadi, wala hajifunzi kuvunja ulinzi wa mtu. Jambo hili linaniuma, maana hawa watoto ndio chama cha kesho.

Ipo njia nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft walitoa Maia, programu iliyofundishwa kwa michezo ya watu iliyochezwa Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ikiwa na ngazi kuanzia 1100 hadi 1900. Lengo lake si kupata hatua bora, ni kukisia hatua ambayo mtu wa ngazi hiyo angeicheza, na huipata karibu nusu ya nyakati. Napendekeza tuiweke kwenye kompyuta ya chama kabla ya likizo ya shule.

Kuhusu jibu lenyewe la swali lenu, nawasihi tusiharakishe. Hesabu zinadai mechi nyingi kuliko tunavyodhani. Mechi 25 zikiisha nusu kwa nusu, kiwango kinachopatikana kinaweza kuwa juu au chini kwa takriban pointi 140. Ukitaka kuipunguza shaka hiyo iwe nusu, lazima uwe na mechi 100. Anayetangaza mtaani kwamba kaipima kompyuta kwa Jumamosi mbili anawapotosha wenzake.

Halafu kuna sisi wenyewe. Machi 2024 FIDE ilipandisha kiwango cha chini hadi 1400 na kuwaongezea pointi wote waliokuwa chini ya 2000. Aliyelala na 1500 aliamka na 1700, na hakuna aliyejua chesi zaidi asubuhi ile. Juu ya hayo, wengi wetu hatuna kiwango rasmi kabisa. Ili kukipata unahitaji angalau mechi tano dhidi ya waliokwisha kuwa nacho, na kwa kawaida tunaambiwa tuwafuate Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Tukikosa watu wenye viwango, mashine zetu hatuna cha kuzipimia.

Kamati inaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza, majaribio yaendelee kwa masharti yasiyobadilika: saa moja kila upande, kila mwanachama acheze mara moja na weupe na mara moja na weusi katika kila ngazi, bila kurudia mechi aliyoshindwa, na karatasi za hatua zikabidhiwe kwa katibu siku hiyohiyo. La pili, sehemu ya akiba itumike kuandaa mashindano yanayotambuliwa na FIDE hapa Mbeya, na tuwalipie nauli wachezaji wachache wenye viwango waje kucheza nasi. Makisio ya gharama yako ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Kura zitapigwa baada ya taarifa ya mhazini, kila ombi peke yake.