Neno lililo kabla ya kicheko

Section 58, Nakuru

Kwako rafiki yangu,

Natumai u mzima huko Kisumu, nawe joto la ziwa umelizoea. Umeuliza kwa nini unatazama vichekesho vya Kiingereza jioni nzima, na bado wageni wakifika pale mapokezi ya hoteli maneno yao yanakupita. Tatizo ni kwamba unatazama mno. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, kina dakika kama 22, na hakuna kichwa kinachobeba maneno yote hayo kwa usiku mmoja. Chukua dakika mbili tu: watu wawili jikoni, au mteja anayerudisha viatu dukani. Kaa nazo siku tatu.

Kicheko cha watazamaji ndicho kengele yako. Neno linalochekesha huwekwa mwishoni mwa sentensi, kicheko kikafuata papo hapo. Wakicheka na wewe hukuona cha kuchekesha, rudi nyuma: hapo pana neno usilolijua, au unalolijua kwa maana nyingine. Kwenye YouTube ya simu, gusa upande wa kushoto wa skrini mara mbili, itarudi sekunde 10.

Mara ya kwanza sikiliza bila maandishi ya chini ya skrini, uandike ulichosikia hata kama ni "wachaduin". Kisha washa maandishi ya Kiingereza, utakuta ni "what are you doing". Ukianza na maandishi, macho yatafanya kazi yote na masikio yatalala. Tena maandishi hayo mara nyingi hufupishwa ili yasomeke upesi, kwa hivyo usishangae mdomo ukisema zaidi ya yaliyoandikwa. Mwisho yazime, useme pamoja nao kwa kasi yao. Ukishindwa, punguza kasi hadi 0.75, lakini usishuke zaidi: sauti huburutika, na ule mshikamano wa maneno unaoutafuta hupotea.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya shule havikutuambia. Kiingereza chetu kimetoka Uingereza, ndiyo maana tuna tochi na buti ya gari. Mmarekani husema "flashlight" na "trunk". Akiagiza "chips" anataka krispi, si viazi vya moto. "Pants" kwake ni suruali. Kwa Mwingereza ni chupi, na hapo ndipo vichekesho vingi hupata mtaji. "Rubber" tunayofutia penseli, Mmarekani huielewa kuwa kondomu, basi usimpe mtoto wa mgeni kwa jina hilo mbele ya wazazi wake! Lakini linalokuhusu zaidi pale kazini ni "first floor". Mwingereza huhesabu kama sisi, anapanda ngazi kwanza. Wamarekani wengi huita hivyo ile ya chini kabisa. Mwonyeshe lifti kwa mkono.

Halafu kuna "sorry". Sisi tunaitumia kama pole, mtu akijikwaa tu tunaitoa. Mgeni atakujibu kwamba si kosa lako, nawe utabaki umeduwaa. Angalia maonyesho ambamo mtu anaanguka: aliye karibu huuliza "are you all right?" Akipata habari mbaya, hapo "I'm sorry to hear that" inafaa. Ile "I'm coming" yetu ya kuaga huku tunaondoka nayo huwachanganya; wao husema "I'll be right back". Na "extend kidogo" ya kwenye matatu, yaani sogea mwenzio akae, Mwingereza huiita "budge up", Mmarekani "scoot over".

Daftarini usiandike neno na tafsiri yake. Andika sentensi nzima, nani alimwambia nani, na kwa sauti gani. Sahani ikivunjika mtu akasema "oh, great", bila kuandika sauti utadhani alifurahi. "We've run out of milk" nayo haina mbio yoyote, ni maziwa yameisha. Sentensi tano kwa onyesho moja zinatosha.

Mr. Bean usimtegemee kwa kusikiliza, kwani hasemi sana. Faida yake ni hii: zima sauti, usimulie kwa Kiingereza anachofanya. Mind Your Language, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 1977, kinapendwa sana kwetu, lakini kichekesho chake ni makosa ya wanafunzi wa kigeni katika darasa la London. Asiyejua sentensi sahihi hukariri makosa. Kiache kwa sasa.

Kuhusu bando, punguza ubora wa picha hadi 240p. Unachohitaji ni sauti. Anza na onyesho lolote la hoteli, kisha nitumie sentensi zako tano, ukiwa umejirekodi.

Wasalimu wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.