Barua kwa mwanangu: nani huitwa shahidi

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia habari za yule padre, ukauliza kama kila Mkristo anayeuawa ni shahidi. Hapana. Shahidi ni yule anayesimama na kusema analolijua, hata likimgharimu. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba linalomfanya mtu shahidi si mateso, bali sababu ya mateso.

Kanisa Katoliki hudai mambo matatu. Kifo kithibitike. Muuaji awe alisukumwa na chuki dhidi ya imani, au dhidi ya fadhila inayotokana na imani. Na aliyeuawa awe alikipokea kifo kwa ajili ya Kristo, bila kukitafuta. Hilo la kati ndilo gumu, kwa kuwa muuaji huwa na sababu nyingi kwa pamoja: siasa, ardhi, kisasi.

Chukua Uganda. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwahofia wageni, tena alikasirishwa na vijana wa jumba lake waliomkatalia tamaa zake. Ungeweza kusema ni siasa na hasira tu. Lakini Mei 1886, kule Munyonyo, aliamuru wanaosali wajitenge upande wao. Karoli Lwanga akatangulia. Kizito, mwenye miaka kama 14, ambaye Lwanga alikuwa ametoka kumbatiza, akaenda naye. Kuacha kusali kungewaokoa, nao walilijua hilo. Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, na Kizito na wenzake siku hiyohiyo. Wakatoliki 22 walitangazwa wenyeheri, hatua iliyo kabla ya utakatifu, mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana 23 waliuawa katika dhuluma hiyohiyo, na usiwasahau unapowataja hawa.

Mwenyeheri Anuarite wa Kongo, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, anatufunza zaidi. Aliyemuua aliutaka mwili wake, hakumwambia aikane imani. Lakini usafi alioutetea ulikuwa nadhiri yake ya utawa, na nadhiri hiyo ni tunda la imani. Alitangazwa mwenyeheri kama shahidi mwaka 1985.

Kuhusu utaratibu: kwa kawaida husubiriwa miaka 5 tangu kifo. Askofu wa mahali alipofia huwahoji watu walioona na kukusanya maandishi, kisha jalada hupelekwa Roma, kwenye Baraza la Kutangaza Wenyeheri na Watakatifu. Shahidi hahitaji muujiza ili awe mwenyeheri. Ili awe mtakatifu huhitajika mmoja. Anayekufa kwa kuwahudumia wagonjwa wa kuambukiza, akijua hatari yake, ana njia nyingine iliyowekwa mwaka 2017, na hapo muujiza unadaiwa tangu hatua ya mwenyeheri.

Waumini wenye upendo mwingi ndio wanaoweza kuharibu kesi ya mtu wanayemwona shahidi. Wakimheshimu hadharani kama mtakatifu kabla Kanisa halijasema, kesi inaweza kukwama, kwa sababu lazima ithibitishwe kwamba heshima hiyo haikutolewa. Kwa hiyo huyo padre uliyeniandikia habari zake, mwombe faraghani upendavyo, ila picha yake isiwekwe juu ya altare wala isichorwe miale kichwani.

Mama yako