Walimu wa Kiswahili wanaorejea kutoka ng'ambo watumiwe vyuoni

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu walimu vijana wa Kiswahili wanaokwenda kusoma na kufundisha ng'ambo, hasa wale ambao mpango wa Fulbright, unaofadhiliwa na serikali ya Marekani, huwapeleka kutoka Kenya na Tanzania katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo.

Wapo wanaouona mwaka huo kuwa bahati ya kusafiri tu, na posho, bila shaka, haikataliwi. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa iko darasani. Mwalimu aliyekua akizungumza Kiswahili ni nadra kulazimika kumweleza mtu mzima asiyejua lugha yoyote ya Kibantu upatanisho wa ngeli, na anapoulizwa kwa nini tunasema "mtoto wangu" lakini "rafiki yangu", ilhali wote wawili ni watu, ndipo anapotambua kwamba kuizungumza lugha ni jambo moja na kuifafanua ni jambo jingine. Isitoshe, naye huwa mwanafunzi ugenini, akajifunza kumvumilia anayekosea.

Napendekeza vyuo vyetu vya ualimu viwape warejeao vipindi rasmi vya mbinu za kufundisha Kiswahili kwa wageni, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ambalo tayari huendesha mafunzo ya aina hiyo, liwashirikishe katika kuyaandaa. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Walimu wa kukifundisha nje ya Afrika Mashariki waanze kuandaliwa sasa.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro